Uliza Rojo, Usiulize Jina

MASWALI YA WASOMAJI: KULA KARI UGENINI

Barua za mwezi huu zimetoka Newala, Masasi, Lindi mjini, Kilwa Masoko, Mikindani na Nachingwea. Kuna wanaosafiri kwa matibabu, kuna wanaokwenda masomoni na kuna wafanyabiashara. Wote wanauliza namna ya kuagiza chakula kwenye mgahawa wa kari katika nchi ya watu. Majina ya vyakula tumeyaacha kama utakavyoyakuta kwenye menyu, ili uyatambue ukiyaona.

Swali: Shikamooni. Mimi ni mkazi wa Newala. Mwezi ujao ninamsindikiza mama Chennai, India, kwa matibabu ya moyo, na tutakaa wiki tatu kwenye nyumba ya wageni karibu na hospitali. Mama ana presha na hawezi pilipili kabisa. Nimeambiwa huko kila chakula ni kari na kila kari inawasha. Tutakula nini?

Jibu: Marahaba, na tunamwombea mama safari njema na afya. Hofu ya pilipili iwekeni chini kwanza. Kari si chakula kimoja kama ugali ulivyo ugali. Ni jina la kila kitoweo chenye mchuzi wa viungo, na kinachotofautisha kari moja na nyingine ni rojo, yaani kile kilichoufanya mchuzi ukawa mzito. Kaskazini ya India rojo ni vitunguu na nyanya, mara nyingi pamoja na malai na korosho zilizosagwa. Kusini, huko mnakokwenda, ni nazi, ukwaju na jamii ya dengu. Jina la kari hubadilika maana kutoka mji hadi mji, lakini ukishajua rojo umejua kama chakula kitamfaa mgonjwa wako, na kama ni halali kwako.

Rojo la kusini halitawashangaza watu wa Newala. Mchuzi uitwao sambar, ambao utauona asubuhi, mchana na jioni, msingi wake ni mbaazi zilizokobolewa, zao lile lile ambalo wakulima wa huko kwenu huliuza India. (Waliolima mbaazi mwaka 2017 hawajasahau bei ilivyoporomoka India ilipoweka kikomo cha kuziingiza.) Mafuta ya ufuta, nazi, ukwaju na korosho vyote vimo jikoni mwao. Kigeni ni mpangilio tu.

Asubuhi mpe mama idli. Ni vikate vyeupe vya mchele na choroko nyeusi vilivyoachwa vichachuke usiku kucha kisha vikapikwa kwa mvuke. Havina mafuta wala pilipili, na ni laini hata kwa mtu asiye na hamu ya kula. Sahani huja na viwili au vitatu, bakuli la sambar na chatne mbili au tatu. Chatne nyeupe ya nazi ni ya upole, nyekundu ina pilipili. Ukiona unga mwekundu uliokorogwa kwa mafuta ya ufuta, huo huitwa podi na haumfai. Chatne ya nazi mbichi huchachuka upesi kwenye joto la Chennai, kwa hiyo kuleni mapema kwenye mgahawa unaojaa watu. Chatne iliyokaa mezani tangu alfajiri muiache saa tano.

Mchana tafuta kibao kilichoandikwa "meals". Kibao hicho kinauza mlo mzima kwa bei moja, kwenye sinia la chuma au jani la mgomba. Wali uko katikati, umezungukwa na sambar, rasam, kootu, poriyal, kaki nyembamba iitwayo appalam, achari na mtindi. Wenyeji hula kwa zamu: wali na sambar kwanza, kisha wali na rasam, na mwisho wali na mtindi. Mama si lazima afuate zamu hiyo. Kootu ni mboga zilizopikwa na dengu na nazi, poriyal ni mboga kavu zilizonyunyiziwa nazi, na zote kwa kawaida ni za upole. Rasam ni mchuzi mwepesi wa ukwaju, kitunguu saumu na pilipili manga. Huonekana kama supu ya mgonjwa, lakini huwasha koo. Kwa mwenye presha, hatari kubwa zaidi kwenye sinia hilo ni achari na appalam, kwa sababu ya chumvi. Vitoe kabla hajaanza kula. Siku atakayoshindwa na vyote, agiza thayir sadam, wali uliochanganywa na mtindi. Hukaangiwa haradali kidogo juu, na pengine vipande vya pilipili mbichi ambavyo utaviona na kuviondoa.

Wengi hukosea hapa: humwambia mhudumu "punguza pilipili", mhudumu akakubali kwa moyo mmoja, na chakula kikaja kikali vile vile. Hakukudanganya. Sambar, rasam na mchuzi wa nyama hupikwa kwenye sufuria kubwa tangu asubuhi, na pilipili iliyokwisha kuingia haitoki. Kinachoweza kubadilishwa ni kile kinachopikwa ukiwa umekaa: dosa (mkate mwembamba wa uji wa mchele na choroko), uttapam (dosa nene), mayai, chapati. Kwa hivyo sema "kaaram vendaam", yaani sitaki cha kuwasha, na "uppu kammi", chumvi kidogo, juu ya hivyo tu. Kitu cha sufuria kubwa onja kijiko kimoja wewe kwanza. Na mwenyeji akitikisa kichwa huku na huku kama anayekataa, mara nyingi anamaanisha ndiyo.

Epukeni neno Chettinad na neno Andhra kwenye menyu. Ni majina ya sehemu zenye mapishi matamu sana, ila ndiyo makali kuliko yote ya ukanda huo. Msishangae pia kibao cha "hotel" penye meza sita na hakuna kitanda hata kimoja. Kule hoteli ni mahali pa kula, kama tunavyosema sisi. "Pure veg" ni mahali pasipopikwa nyama, samaki wala mayai, basi msiulize kuku hapo.

Kama madaktari watampa mama dawa ya warfarin, ya kuzuia damu isigande, asile mboga za majani nyingi leo na kesho asile kabisa, maana vitamini K iliyomo huingilia nguvu ya dawa hiyo. Kiasi chake kila siku kiwe kile kile, na daktari ajue. Majani hayo kwenye menyu huitwa keerai.

Maji yawe ya chupa ambayo kizibo chake kimefunguliwa mbele yenu. Kwenye bili mtaona mistari miwili ya kodi, CGST asilimia 2.5 na SGST asilimia 2.5. Hamjatozwa mara mbili: moja ni ya serikali kuu, nyingine ya jimbo, na jumla yake asilimia 5 ndiyo kodi ya migahawa ya kawaida. Ada ya huduma ni jambo jingine. Kwa mwongozo wa mamlaka ya kuwalinda walaji wa India wa mwaka 2022, mgahawa hauruhusiwi kuiingiza wenyewe kwenye bili, na ukiikuta unaweza kuomba iondolewe.

Swali: Ninaandika kutoka Masasi. Mwanangu wa miaka 19 amepata nafasi ya masomo Leicester, Uingereza. Tangu utotoni akila korosho hata moja midomo inavimba na kifua kinabana. Hapa nyumbani kila mtu anajua. Huko nasikia migahawa ya Kihindi imejaa kila mtaa. Nimkataze kabisa kula humo?

Jibu: Mama, tumelijibu swali lako kwa uangalifu kuliko mengine yote, kwa sababu kosa lake haliishii kwenye kuharisha siku mbili.

Tutenganishe kwanza mambo mawili ambayo watu wa mikoa ya korosho huyachanganya. Wanaobangua korosho huungua vidole kwa mafuta ya ganda. Hayo ni makali yenyewe na humchubua mtu yeyote. Anachokipata mwanao ni mzio wa kiini, nao unaweza kuziba njia ya hewa ndani ya dakika chache. Wenye mzio wa korosho mara nyingi huwa na mzio wa pistachio pia, kwa hiyo apimwe zote mbili kabla ya safari, na asionje pistachio ugenini kwa kubahatisha.

Ugumu wa mgahawa wa kari ni kwamba korosho haionekani. Hulowekwa, husagwa laini kama uji wa mtoto na kuchanganywa kwenye mchuzi ili uwe mzito, mweupe na mtamu. Mwanao akiuliza "chakula hiki kina korosho?" mhudumu hufikiria korosho nzima zilizopambwa juu ya sahani, asizione, akajibu hakuna. Aulize hivi: "Rojo la chakula hiki limefanywa zito kwa kitu gani?" Swali hilo humlazimisha mhudumu aende jikoni. Na kama anajibu bila kwenda jikoni, jibu hilo lisiaminiwe.

Asiagize kabisa korma, pasanda, shahi paneer, malai kofta, chochote chenye neno makhani (ikiwemo butter chicken), wala tikka masala. Peshwari naan (naan ni mkate bapa wa ngano) hujazwa nazi, zabibu na lozi au njugu nyingine. Kulfi na vitamutamu vingi vina pistachio au korosho. Hata nyama ya kuchoma si salama yote: malai tikka mara nyingi hulowekwa kwenye korosho zilizosagwa. Ayajue majina pia, maana hata Uingereza humo jikoni watu husema lugha zao: kaju kwa Kihindi, mundhiri kwa Kitamili, kashuvandi kwa Kimalayalam, jeedipappu kwa Kitelugu. Vyakula vya Kithai vina mtego mwingine: kari ya massaman hupikwa na karanga, na vipo vyakula vya kukaanga vinavyotiwa korosho nzima.

Sheria ya Uingereza iko upande wake. Kila anayeuza chakula lazima aweze kumwambia mteja kama kimo kimojawapo cha vitu 14 vinavyoleta mzio, na njugu za miti, korosho zikiwamo, zimetajwa peke yake mbali na karanga. Mahakama zao hazichezei jambo hili. Mwaka 2016 mwenye migahawa mmoja wa kaskazini mwa Uingereza alifungwa miaka 6 kwa kifo cha mteja. Mteja huyo alikuwa amesema wazi kwamba ana mzio wa karanga, lakini mgahawa ulikuwa umeacha unga wa lozi na kutumia unga wa bei nafuu wenye karanga. Tunakitaja kisa hicho ili ajue kwamba hata menyu iliyokuwa sahihi mwaka jana inaweza kubadilika mwenye mgahawa akibadilisha muuzaji wa unga.

Kwa hiyo usimkataze, mpangie. Akifika tu ajiandikishe kwa daktari wa eneo lake na aombe kalamu mbili za adrenalini, yaani sindano za dharura za mzio, azibebe zote mbili kila anapotoka. Aende mgahawani mapema, kabla jikoni hakujaelemewa, kwa sababu usiku wa Ijumaa na Jumamosi upawa mmoja huingia kwenye sufuria tano. Asile chakula cha kujipakulia, kwa sababu hiyo hiyo ya vijiko kuhamahama. Aagize wali mweupe, dengu, kuku wa tandoori baada ya kuuliza alilowekwa kwenye nini, na asile chochote ambacho mhudumu amekijibu kwa "nadhani". Kifua kikianza kubana achome kalamu kwanza, kisha apige 999, namba ya dharura ya huko. Asisubiri kuona kama itapita.

Swali: Tunakwenda Birmingham watu wanne kwenye maonyesho ya biashara. Menyu niliyoiona ina kari zaidi ya 60. Tuagize kiasi gani, na lipi kali, lipi la kawaida? Msomaji, Lindi mjini.

Jibu: Hizo 60 zisikutishe, nyingi ni mchuzi mmoja uliovishwa nguo tofauti. Waingereza wamekula kari kwa muda mrefu. Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa India, alifungua mgahawa wake London mwaka 1810, na mgahawa wa Veeraswamy ulianza huko huko mwaka 1926. Lakini migahawa mingi ya mitaani ilijengwa na familia kutoka Sylhet, Bangladesh, nazo ndizo zilizoeneza ufundi wa rojo moja. Asubuhi wapishi huchemsha vitunguu vingi sana pamoja na kitunguu saumu, tangawizi, nyanya kidogo na mafuta, kisha husaga mpaka iwe laini kabisa. Nyama huivishwa kando. Ukiagiza, mpishi hukaanga viungo kwenye kikaango, humimina upawa mmoja au miwili ya rojo, hutia nyama, na baada ya dakika kumi hivi chakula kiko mezani. Ndiyo maana, tofauti na tulivyomwambia msomaji wa Newala kuhusu Chennai, hapa ukiomba kipunguzwe pilipili kinapungua kweli.

Kwa ukali, anzeni chini na korma, tamu na laini. Hufuata tikka masala, kisha bhuna na rogan josh za wastani. Dhansak ina dengu na ladha tamu yenye uchachu. Jalfrezi inawasha kwa pilipili mbichi, madras inawasha zaidi, vindaloo zaidi ya hiyo, na phaal ni ya kushindania, iacheni. Ngazi hiyo ni ya Uingereza tu. Vindaloo ya Goa, India, ilikotoka ni kitu kingine: ilitokana na pishi la Wareno la nyama iliyolowekwa kwenye mvinyo na kitunguu saumu, na mpaka leo huko hupikwa zaidi kwa nyama ya nguruwe na siki. Msafiri Mwislamu anayeipenda ya London akifika Goa aulize kabla ya kuagiza.

Mkiwa Birmingham kuleni balti. Ilizaliwa mji huo miaka ya 1970: nyama na mboga hupikwa kwa moto mkali ndani ya bakuli jembamba la chuma, na bakuli lilo hilo ndilo linaloletwa mezani. Rojo lake ni jepesi, na huliwa kwa naan, si kwa wali. Balti ikiletwa kwenye bakuli la udongo huku mchuzi umetulia na kupoa, mmeuziwa jina.

Watu wanne agizeni kari tatu na sahani moja ya mboga au dengu, wali sahani mbili, naan mbili. Wali hauji na kari. Huuzwa peke yake, na wageni wengi hujikuta na mchuzi mtupu mezani. Kari zisifanane rojo: moja ya malai, moja ya nyanya, moja kavu kama bhuna. Mkiagiza korma, pasanda na tikka masala pamoja, mtakuwa mmekula kitu kimoja mara tatu. Kaki za poppadom zikija na vibakuli vya achari na vitunguu kabla hamjasema neno, ulizeni kama ni za bure. Mara nyingi hutozwa kwa kila kaki, na vibakuli hutozwa kwa kila kichwa. Maji ya bomba yanafaa kunywa, na mgahawa wenye leseni ya kuuza pombe England unalazimika kuwapa bure mkiyaomba, basi msinunue chupa. Mstari wa "service" chini ya bili, ukiwa umeandikwa ni wa hiari, ndiyo bakshishi yenyewe. Msiongeze nyingine juu yake.

Swali: Asalaam alaykum. Nimechaguliwa kwenda mafunzo ya uvuvi Japani miezi sita. Nimesoma kwamba Wajapani wanapenda sana kari. Je, kari ya kuku huko ni halali kwangu? Msomaji, Kilwa Masoko.

Jibu: Waalaykum salaam. Kuku peke yake hatoshi kukupa jibu. Kari iliingia Japani kupitia Waingereza karne ya 19, jeshi lao la majini likaifanya chakula cha mabaharia, na mpaka leo vikosi vyao vya majini hula kari kila Ijumaa. Rojo lake si la Kihindi: ni unga wa ngano uliokaangwa kwenye mafuta pamoja na bizari, mara nyingi ukiwa umegandishwa kuwa kama mche wa chokoleti. Mafuta hayo huweza kuwa ya ng'ombe au ya nguruwe, au yakatiwa mchuzi wa mifupa ya nguruwe. Ndiyo sababu kari ya kuku, hata ya mboga tupu, inaweza kuwa na nguruwe bila kipande kimoja cha nyama yake kuonekana. Ukisema "sitaki nguruwe" watakuondolea nyama, rojo likabaki.

Jifunze sentensi hii: "Ruu ni buta ga haitte imasu ka?" Maana yake, je, rojo lina nguruwe? Na ujifunze kuitambua herufi 豚, ndiyo nguruwe, iwe kwenye menyu au nyuma ya pakiti dukani. Katsu karee huwa na kipande cha nyama kilichovingirishwa chenga za mkate na kukaangwa, na isipotajwa kuku, ni nguruwe. Achari nyekundu inayowekwa pembeni pengine hutengenezwa na mirin, ambayo ina kileo.

Njia nyepesi ni migahawa ya Kihindi, ambayo mingi Japani inaendeshwa na Wanepali na baadhi yake ina alama ya halali mlangoni. Mchana huuza seti ya kari, wali au naan na saladi, na mara nyingi naan ya pili ni bure. Neno la kuiomba ni "okawari". Mlangoni pa baadhi ya migahawa kuna mashine: unaingiza fedha, unabonyeza picha ya chakula, unapewa tiketi na kumpa mpishi. Uliza rojo kabla ya kubonyeza, si baada. Bakshishi haitolewi Japani, na ukiiacha mezani watakukimbilia barabarani wakurudishie.

Swali: Sisi watu wa Mikindani tunakula pilipili tangu watoto. Kwa nini ndugu zetu wakirudi India au Thailand wanalalamika kuungua? Na mtu akiungua afanye nini? Maji hayasaidii.

Jibu: Kwetu pilipili hukaa pembeni, kwenye kachumbari au kwenye kisahani cha chumvi na ndimu. Unaichovya kwa kadiri unavyotaka, na ukizidiwa unaacha. Kwenye kari pilipili hukaangwa tangu mwanzo. Kile kinachowasha, kapsaisini, huyeyuka kwenye mafuta, na mafuta hayo huenea kwenye rojo lote na kuupaka ulimi. Hakuna pembeni ya kukimbilia.

Maji hayasaidii kwa sababu kapsaisini haiyeyuki majini. Unaisambaza tu mpaka kooni. Soda na bia huongeza uchungu kwa gesi yake. Chai ya moto ni mbaya zaidi, kwani neva inayosisimuliwa na pilipili ndiyo hiyo hiyo inayohisi joto linalozidi nyuzi 43, hivyo mwili huona moto juu ya moto. Kinachofaa ni maziwa au mtindi: protini yao iitwayo kaseini huishika kapsaisini na kuiondoa kwenye ulimi. Chukua funda, likae mdomoni kidogo lisambae, ndipo umeze, kisha rudia. Pasipo na maziwa, tafuna wali mkavu au mkate bila mchuzi, au weka kijiko cha sukari ulimini. Tui la nazi nalo husaidia kwa mafuta yake, na ndiyo maana kari ya kijani ya Thailand, yenye pilipili nyingi, hulika kuliko mchuzi wao mwepesi usio na tui.

Agiza mtindi pamoja na kari, usingoje uungue. Kwenye menyu za Kihindi tafuta raita, au lassi ya kunywa. Mwenye vidonda vya tumbo asijipime kwa mazoea ya nyumbani, na aliyekula kwa mkono aunawe kwa sabuni mara mbili kabla ya kugusa macho.

Swali: Mimi ni dereva, safari zangu zinafika Durban. Kuna chakula wanakiita bunny chow. Kinaliwaje? Msomaji, Nachingwea.

Jibu: Kaka, ni mkate mweupe wa boflo uliokatwa, ukatobolewa katikati na kujazwa kari ya moto. Huagizwa kwa kipimo cha mkate: quarter ni robo, half ni nusu. Robo inamtosha mtu mzima mwenye njaa. "Mutton" huko inaweza kuwa kondoo au mbuzi, basi uliza kama una chaguo. Ipo pia ya maharage, nayo ni nzuri. Kari ya Durban ni nyekundu, ina mafuta na pilipili nyingi, na viazi vyake ndivyo vinavyolifanya rojo kuwa zito.

Hakuna uma wala kijiko. Kile kipande cha mkate kilichotolewa katikati huwekwa juu kama kifuniko. Anza nacho, ukichovya mpaka mchuzi upungue. Kisha mega kuta kutoka juu kwenda chini, kidogo kidogo, ukilinganisha mkate na mchuzi uliobaki. Anayemega upande mmoja mpaka chini humwagikiwa mapajani. Pembeni huja karoti na vitunguu vilivyokatwa pamoja na pilipili mbichi, kachumbari yao hiyo. Usikinunue kwa ajili ya njiani: baada ya nusu saa kitako cha mkate kimelowa na kinakatika ukikinyanyua. Egesha gari, kaa chini, ule kikiwa cha moto.